Onja maji kwanza: mboga za madumu uani Mtwara

Mtu akiniomba nimwelekeze namna ya kupanda mboga kwenye ndoo na madumu, kabla ya habari za udongo na mbegu namuuliza maji ya kwao yana ladha gani. Wengi hucheka. Lakini hapa Mtwara mjini bomba linakuja kwa mgao, siku lisipotoka tunachota visimani, na visima vya upande wa pwani vingi vina chumvi. Wala haiwi chumvi ya kumfanya mtu ateme. Ni ile ambayo ukipikia chai, mnywaji anashusha kikombe na kukuangalia usoni. Mmea nao unaisikia, tena kuliko wewe.

Shambani mvua ikinyesha huisukuma chumvi chini, mbali na mizizi. Kwenye ndoo haina pa kwenda. Unamwagilia leo, jua linakausha, maji yanapaa na chumvi inabaki. Kesho unaongeza nyingine. Baada ya muda unaona utando mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa chombo, na majani ya chini, yale ya zamani, yanaungua nchani na pembeni kama yamepitishwa kwenye jiko. Hapo wengi hudhani mmea una kiu, wanaongeza maji yaleyale.

Mimi ni mama lishe. Asubuhi nauza chai, chapati na supu, mchana wali na ugali wa muhogo. Nimepanga vyumba viwili Chikongola, nyumba ya uani ya kawaida: vyumba vimetazamana, choo kimoja, kamba za nguo, majiko ya mkaa, na watoto wa nyumba nzima. Hapo hakuna shamba. Kuna ukuta, na kuna vipande vya sakafu ambavyo hakuna mpangaji aliyevitaka. Sikupanda kwa sababu nilipenda bustani. Kachumbari yangu inataka pilipili na giligilani kila siku, na giligilani ya sokoni, ikifika, imeshalala. Mchicha unaonunuliwa asubuhi, saa sita umekwisha nyauka.

Kwa hiyo nagawa maji kwa mimea kama ninavyogawa kwa wateja. Maji matamu, nikiyapata, ni ya giligilani, vitunguu majani na mnanaa. Hao hawavumilii chumvi. Maharage ndiyo kabisa, hayo nimeyaondoa kwenye orodha. Mchicha na spinachi hazina taabu sana, zinaweza kunywa ya kisima. Matembele yako katikati. Pilipili inavumilia kwa kununa: haifi, ila inazaa vichache.

Halafu kuna maji ambayo jiko langu linatoa kila siku. Maji ya kuoshea mchele yanakwenda moja kwa moja kwenye madumu, mradi hayajatiwa chumvi. Ya kulowekea maharage ya mchuzi vilevile. Maji ya kufulia simwagii chochote kinacholiwa, sabuni inaugandisha udongo na kuongeza chumvi ya aina nyingine. Na maji ya kuoshea samaki, ambayo watu wa mjini wanayasifia kuwa ni mbolea, mimi nayamwaga mbali. Samaki wetu wanafika wakiwa wameshaoshwa kwa maji ya bahari, na ukimwaga maji hayo uani, paka wa mtaa mzima watafukua miche usiku wakitafuta huyo samaki.

Mvua ndiyo dawa. Sisi huku kusini tuna msimu mmoja, unaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Mvua ya kwanza kubwa ikishika, natoa vyombo vyote chini ya paa na kuvipanga uwazi, hata vile visivyo na kitu. Naacha vioshwe mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe, hayana ile rangi ya chai. Maji ya bati nakinga kwenye pipa, ila yale ya mwanzo, yanayoteremka na vumbi na kinyesi cha ndege, nayaacha yaende.

Sasa matundu. Hapa ndipo ninapobishana na watu, maana kila mahali utasikia: toboa chini, toboa mengi. Ushauri huo ni wa mahali ambapo mvua inanyesha kila mara. Uani kwangu kuanzia Mei mpaka Oktoba hakuna mvua ya kutegemea, na chombo kilichotobolewa chini kama chujio kinakuwa kikavu kabla sijarudi kwenye kibanda changu. Mimi natoboa safu mbili. Naweka msumari wa nchi nne kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu, naushika kwa koleo, natoboa ubavuni, vidole vitatu juu ya kitako cha ndoo, matundu manne au matano kuzunguka. Hayo ndiyo ya kiangazi: chini yake kunabaki maji kidogo, ambayo mizizi inayafuata. Kisha natoboa mengine kwenye kitako chenyewe, na kila moja nalichomekea kijiti cha mti kilichochongwa kikaze. Masika yakija nang'oa vijiti, maji yanapita. Mvua zikikatika narudisha. Chini kabisa natandika kokoto na mapande ya makumbi ya nazi ili udongo usizibe.

Fanyia kazi hiyo nje, na upepo ukupige mgongoni. Moshi wa plastiki si wa kuvuta.

Kuhusu vyombo vyenyewe sina makuu. Dumu la lita ishirini likilazwa na kukatwa ubavu mmoja linakuwa kihori kizuri cha mchicha na giligilani, ambazo mizizi yake haiendi mbali. Ndoo ya rangi ya lita ishirini inatosha mche mmoja wa pilipili au bamia mbili. Besheni lililopasuka ni la vitunguu majani. Viroba vya unga na sukari havina bei, lakini jua letu linavila: unakishika kukisogeza, kinabaki mikononi vipande vipande na udongo umemwagika. Vikae kivulini, au vivae gunia lingine kwa nje. Gunia la juti, lile la korosho, linapumua vizuri na mizizi haichemki ndani yake, ila kitako kinaoza upesi. Ukiliinua juu ya matofali linakaa msimu mzima.

Chombo ambacho hakiguswi uani kwangu ni dumu au chupa iliyobeba dawa ya mikorosho. Huku kwetu kila mwaka wakati wa kupulizia, vyombo hivyo vinazagaa, safi kabisa kwa macho, na kuna watu wanaviuza. Salfa ya unga ni afadhali, lakini viuatilifu vya maji vinaingia kwenye plastiki yenyewe, na kuosha hakuvitoi. Muuzaji asipokuambia dumu lilibeba nini, muachie dumu lake.

Udongo wa mji huu una sura mbili. Ukiwa Shangani au karibu na maji, ni mchanga wenye vipande vya matumbawe na makombe, na udongo wa namna hiyo unafanya majani yawe njano huku mishipa yake imebaki kijani, kwa sababu chokaa inauzuia mmea kuchukua madini ya chuma. Ukipanda kuelekea Naliendele unakuta udongo mwekundu, tifutifu, ambao peke yake hauna rutuba kubwa lakini hauna ubishi. Huo ndio ninaoagiza kwa vijana wa guta. Nachanganya ndoo mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza mpaka hainuki tena, na moja ya makumbi ya nazi yaliyopondwa. Mbolea ya kuku ni kali. Inataka kukaa miezi kabla ya kuikaribia mizizi.

Makumbi yanashika maji, na kwa upepo wa hapa hilo ni jambo kubwa. Lakini kuna bibi mmoja wa Mikindani, mteja wangu, aliyenizuia siku nilipomwambia nataka kununua makumbi kwa wasokota kamba. Akaniambia, "Mwanangu, hayo yamefukiwa pwani. Yamelala kwenye maji ya bahari mpaka yakalainika, ndiyo wakayapiga wakapata usumba. Utapanda mboga kwenye chumvi." Nikamwelewa. Nikachukua makumbi makavu ya nyumbani, ya nazi ninazokuna mwenyewe, na hata hayo nayaloweka na kumwaga maji mara kadhaa mpaka yaache kutoa rangi ya kahawia. Machicha ya nazi yenyewe siyatupi juu ya udongo, yataleta siafu na panya. Yanakwenda kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na maganda ya vitunguu, majani makavu na jivu kidogo, yanaoza huko kwanza.

Ukinipa nichague kati ya udongo mzuri na mahali pazuri, nitachukua mahali. Nimepanga nyumba zaidi ya moja mjini hapa, na nilichojifunza ni kutafuta ukuta unaotazama kaskazini. Sababu yake ni rahisi ukiifuata. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta huo unaota jua. Na miezi hiyohiyo ndiyo ya kusi, upepo unaotoka baharini kutokea kusini, mkavu, unaovuma mchana kutwa na kukausha majani kuliko jua lenyewe. Ukuta unaukinga. Ikifika Desemba, jua limehamia kusini kidogo ya utosi wetu, ukuta unaanza kutoa kivuli chembamba wakati joto limepanda. Yaani ukuta mmoja unakupa jua unapolitaka na kivuli unapokitaka, bila kusogeza ndoo hata moja. Jirani yangu wa chumba cha mwisho ana vyombo vizuri kuliko vyangu, amevinunua dukani, na ameviweka upande wa pili wa ukuta uleule. Kusi ikianza, majani ya bamia zake yanachanika kama bendera ya chama baada ya uchaguzi. Nilimwambia. Akasema upande ule ndio unaoonekana na wageni. Sawa.

Kipindi cha kaskazi, Januari na Februari, hata ukuta hautoshi. Natega makuti mawili juu ya miti minne, nayalaza yafunike saa sita mpaka saa tisa. Ndoo nyeusi naivalisha kiroba cheupe, maana udongo ulio kando ya plastiki nyeusi unapata moto wa kuunguza mizizi hata kama juu una unyevu. Weka kiganja ubavuni mwa ndoo saa nane mchana, utajua.

Kumwagilia ni alfajiri, kabla sijawasha jiko la chapati. Nachomeka kidole mpaka fundo la pili. Kikitoka kimegandwa na udongo wenye unyevu, naacha. Kwenye gunia kubwa la matembele nimefukia mtungi wa udongo, ule usiopakwa chochote, shingo yake ikitokeza juu. Naujaza, nafunika kwa kigae ili mbu wasizalie, na maji yanajipenyeza polepole kwenye udongo kadiri unavyokauka. Mtungi wenyewe ulikuwa umemeguka mdomo, mwenzangu alitaka kuutupa. Visahani vya chini ya ndoo, kama unavitumia, vijaze mchanga, kwa sababu hiyohiyo ya mbu.

Sasa nini cha kupanda. Nina msimamo: kwenye nafasi ndogo panda kile ambacho sokoni kinafika kimechoka, au unachotumia kidogo kidogo kila siku. Kabichi na viazi vinashuka na malori kutoka nyanda za juu, vinavumilia safari, waachie wenye mashamba. Nyanya ndizo zinazowavutia wengi, na ndizo zinazowavunja moyo. Usiku usipopoa chini ya nyuzi 24 hivi, maua yanapukutika bila kushika. Mvua zikija kuna mnyauko, mmea unalala ukiwa kijani na hauamki. Na tangu 2014 kuna kantangaze, yule kipepeo mdogo wa usiku ambaye funza wake anachimba ndani ya jani akabakisha ngozi, kisha anatoboa tunda. Anayetaka nyanya asie Aprili, ahamishie kwenye ndoo Mei, avune kipindi cha kusi, tena achague zile ndogondogo. Maji yawe ya kila siku bila kuruka, la sivyo tunda linaoza kitako na kuwa jeusi.

Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne. Nasia kihori kimoja, baada ya wiki nasia kingine, ili usikomae wote pamoja. Matembele hata mbegu hayanunuliwi. Omba mashina kwa jirani, kata yenye vifundo, zika nusu, umemaliza. Bamia inapenda joto letu. Mlonge unaweza kukaa kwenye ndoo miaka ukiukata kila unapofika kiunoni. Mvua zikianza, mlenda unaota wenyewe kwenye vyombo, mbegu zake zilikuja na samadi. Mpangaji mwenzangu mmoja, mgeni wa kutoka bara, aliung'oa wote akidhani ananisaidia kupalilia. Nilimshukuru, nikaokota, nikapika.

Giligilani ina tabia zake. Ile mbegu ya duara ni mbili zilizoungana. Isage kidogo kwa chupa zitengane, loweka usiku mmoja, na isie Mei mpaka Agosti. Ukiisia Desemba itatoa majani matatu ikimbilie maua. Haipendi kuhamishwa, isie pale itakapoliwa. Mnanaa uupe chombo chake peke yake kivulini, maana ukipewa nafasi utafukuza wenzake. Kivumbasi kikate vichwa kila kinapotaka kutoa maua, majani yataongezeka, na wateja wanaokaa nami jioni wanasema kinapunguza mbu. Mchaichai unataka gunia zima. Majani yake yanakata, vuna kwa kisu karibu na shina, usivute. Tangu nianze kuuweka kwenye chai ya asubuhi, kuna madereva wa bodaboda ambao hawaagizi tena chai ya maziwa, na maziwa yana bei.

Pilipili mbuzi ndiyo iliyonirudishia gharama mapema. Mche mmoja unaishi zaidi ya mwaka ukiupogoa, na kibanda changu kinahitaji chache tu kwa siku. Vidukari vikijazana chini ya majani nachanganya sabuni ya kipande iliyokunwa, kijiko kimoja kwa lita ya maji, napuliza jioni, asubuhi nasuuza. Kwa utitiri, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Dawa za dukani sipulizi kitu ambacho mteja atakula kesho.

Kuku walikuwa tatizo kubwa kuliko wadudu. Kuku wa uani ana wenyewe, huwezi kumfungia wala kumrushia jiwe. Kilichonisaidia ni wavu. Kwa wavuvi huwa kuna nyavu kuukuu zilizochanika ambazo hazifai tena bahari. Nililoweka kipande kwenye maji matamu kitoke chumvi, nikakitega mbele ya vyombo kwa misumari na vigingi. Kuku anaingiza kichwa, hakipiti, anaondoka.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita pwani, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, magari yakakwama. Siku hizo niliweka mboga za majani kwenye sahani kama kawaida, kwa bei ileile. Lakini upepo wenyewe ulikuwa umeangusha kila kilichowekwa juu ya ngazi na dirishani. Vya chini, vilivyobanana ukutani, havikutikisika. Tangu hapo hakuna chombo changu kinachokaa juu ya usawa wa goti.

Mwenye nyumba mwanzoni hakupenda. Hofu yake ilikuwa unyevu kwenye ukuta, na ni hofu ya haki. Tulikubaliana vyombo vikae juu ya matofali, na pabaki upana wa kiganja kati yake na ukuta. Siku hizi mkewe hutuma mtoto: "Mama anasema, mpe mchaichai." Nakata, napeleka. Kodi haijapungua kwa ajili hiyo.

Mpangaji anahama, na hilo ndilo linalonifanya nipende madumu kuliko kitalu cha ardhini. Nilipohamia hapa vyombo vilikuja kwa guta, safari za jioni, jua likiwa limeshuka. Siku mbili kabla sikuvimwagilia, viwe vyepesi. Matembele niliyakata yote, nikabeba mashina tu. Mchaichai niliupasua, nusu nikamwachia aliyeingia chumba changu. Pilipili ilipukutisha majani yote njiani, nikaikata ikabaki fimbo, nikaiweka kivulini, ikachipua. Giligilani sikuibeba, niliikatia kachumbari ya siku ile.